Sanduku la fyuzi la miaka ya 1950: libadilishwe lote, au kosa liko kwenye waya na athi (muunganisho wa ardhini)?

#1 MkaziWaWalukuba

Habari zenu wanajukwaa. Nyumba tunayoishi hapa Jinja ni ya miaka ya 1950, enzi zile za ujenzi wa bwawa la Owen Falls ambalo leo linaitwa Nalubaale, na sanduku lake la fyuzi halijawahi kuguswa isipokuwa kufungwa waya mpya kila unapoungua. Limepigiliwa juu ya ubao: meni swichi ya chuma yenye mkono pembeni, na chini yake vishikizi vinne vya kauri, viwili vyenye nukta nyeupe, kimoja ya bluu na kimoja nyekundu. Kile cha bluu ndicho cha soketi, nacho huungua mara kwa mara nyakati za jioni, hasa siku za mvua.

Nimewaita mafundi wawili. Wa kwanza anasema sanduku zima liondolewe na kuwekwa la breka (swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi). Wa pili anasema sanduku halina kosa, bali waya za ukutani ndizo zimechoka. Mimi nadai kwamba fyuzi haina cha kuharibika: haina springi wala sumaku, waya ukiungua unafunga mwingine, na nyumba imesimama zaidi ya miaka sitini bila moto. Je, kuna hoja ya kweli ya usalama katika kubadilisha, au ni njia ya mafundi kujipatia riziki?

#2 MpangajiNtinda

Ni riziki, ndugu yangu. Ukimwita kinyozi hakwambii nywele zako bado fupi.

#3 Fundi_Mkongwe

Kinyozi hajaua mtu kwa kuacha nywele, kwa hiyo tuzungumze kwa utaratibu. Mzee wa Walukuba, kabla sijakujibu kuhusu sanduku, nieleze waya unaofunga kwenye kile kishikizi cha bluu unautoa wapi. Rangi hizo si mapambo. Kwa kanuni za Waingereza, ambazo ndizo zilizotumika katika nyumba za wakati huo, nyeupe ni ampea 5, bluu ni 15, njano ni 20, nyekundu ni 30 na kijani ni 45. Waya wa fyuzi wa ampea 5 una unene wa milimita 0.2, wa ampea 15 una 0.5, na wa ampea 30 una 0.85. Kwa macho matupu, tena kwa mwanga wa tochi, hakuna mtu atakayetofautisha 0.5 na 0.75.

#4 MkaziWaWalukuba

Asante, fundi. Waya nautoa kwenye kipande cha kebo ya zamani kilichobaki stoo. Nachomoa uzi mmoja kati ya saba na kuufunga. Jirani yangu ndiye aliyenielekeza.

#5 Fundi_Mkongwe

Kebo ya zamani yenye nyuzi saba ni ile tuliyoiita saba-sifuri-ishirini-na-tisa, maana kila uzi ulikuwa na unene wa inchi 0.029. Hiyo ni takriban milimita 0.74, na waya wa milimita 0.75 ni wa ampea 25. Maana yake kishikizi chako kimeandikwa 15 lakini kinalinda kama cha 25, na bado kinaungua. Usifurahie kwamba hakiungui mara nyingi zaidi.

#6 Mwl_Fizikia

Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Hata ukifunga waya sahihi wa ampea 15, hautakatika ampea 16 zikipita. Fyuzi ya kufunga waya inahitaji karibu mara mbili ya kiwango chake ili iungue kwa uhakika, ilhali breka ya nyumbani inatakiwa ikate ndani ya saa moja inapofikia mara 1.45. Kwa hiyo breka ya ampea 16 itakata kwenye ampea 23 na ushei, lakini fyuzi ya 15 inaweza kubeba mzigo wa namna hiyo jioni nzima huku waya ulio ndani ya plasta ukipikika taratibu. Kwa uzi wa mzee, wa ampea 25, tunazungumzia karibu ampea 50. Hoja ya usalama ipo, tena ni ya hesabu tu.

Sasa tufanye hesabu ya mzigo. Birika la wati 2,000 kwa volti 240 linavuta ampea 8.3. Pasi ya wati 1,200 inavuta 5. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 inavuta kama 4.2. Vyote pamoja vinapita ampea 17 kabla hatujahesabu friji. Je, hivyo ndivyo vinavyowaka jioni?

#7 MkaziWaWalukuba

Birika, friji na ile sufuria ndiyo, mwalimu. Pasi hutumika asubuhi. Lakini kama ni mzigo tu, mvua inahusika vipi? Chai tunakunywa hata siku za jua.

#8 Tororo_Mpakani

Mvua ndiyo jibu lenyewe. Nyumba za namna hiyo waya zake hupita ndani ya mabomba ya chuma, na maji ya paa huingia kwenye bomba, hasa linaloelekea taa ya nje. Umeme unavujia ardhini, fyuzi inaungua. Hapa Tororo nimeliona hilo katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli.

#9 BintiBombo

Kwa heshima, kaka wa Tororo, sehemu moja ya maelezo yako haikubaliani na hesabu. Umeme unaovujia ardhini hauwezi kuunguza fyuzi ya ampea 15 katika nyumba ambayo athi yake ni fimbo tu iliyochomekwa uani. Chukua fimbo yenye ukinzani wa omu 60, jambo la kawaida kabisa kwenye udongo mkavu au wenye changarawe. Volti 240 ukizigawa kwa 60 unapata ampea 4. Hizo haziunguzi fyuzi ya 15, haziunguzi ya 5 pia, na hazikati hata breka mpya ya ampea 16. Zinaendelea kutiririka, na muda wote huo kila chuma kilichounganishwa na athi, kuanzia bodi ya friji hadi birika, kina umeme unaotosha kumuua mtoto aliyekanyaga sakafu yenye maji.

Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wa kwanza wa mzee na pia na wale wanaotetea fyuzi. Kubadilisha fyuzi kwa breka za kawaida, bila kifaa cha RCD, hakuongezi chochote dhidi ya hatari hiyo. RCD inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifikia milliampea 30 inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ikiwa fundi amekuletea bei ya sanduku jipya bila RCD, anakuuzia plastiki safi.

#10 HajiArua

Dada wa Bombo amesema kweli, nami nina ushahidi wa mfukoni. Nyumbani kwetu yuniti za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zikiisha upesi mno na tukawalaumu watoto kwa kuacha taa. Fyuzi hazikuungua hata siku moja. Mpwa wangu alipozima meni swichi, mita ikatulia. Alipoiwasha huku vifaa vyote vimechomolewa na taa zimezimwa, mita ikahesabu. Waya uliokwenda jiko la nje ulikuwa umechubuka ndani ya ukuta na unavujia ardhini mchana na usiku. Ampea 4 ulizotaja, kwa volti 240, ni wati 960, na kwa siku nzima ni yuniti 23. Fyuzi iliona yote hayo na kunyamaza.

#11 MpangajiNtinda

Haji, watoto waliombwa radhi?

#12 HajiArua

Walinunuliwa soda, yakaisha.

#13 Tororo_Mpakani

Sikatai hesabu ya dada, lakini maji yakiingia kwenye boksi la taa ya nje hayavushi umeme kuelekea ardhini peke yake, yanavusha pia kati ya laivu na nyutro. Kutu na uchafu hutengeneza njia, njia inaungua kuwa kaa, na kaa hupitisha umeme mwingi. Fyuzi itaungua vizuri tu.

#14 Mwl_Fizikia

Hilo linawezekana, lakini taa ya nje ingekuwa kwenye fyuzi nyeupe ya taa, si kwenye ya bluu ya soketi. Labda kama mtu aliiungia kwenye soketi ya karibu, jambo ambalo katika nyumba zetu si la ajabu.

Nina dhana nyingine. Jioni volti hushuka kwa sababu mtaa mzima unapika. Birika volti zikishuka linavuta ampea chache zaidi, lakini mota ya friji hufanya kinyume: ikishindwa kuanza kuzunguka, inang'ang'ana na kuvuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida, na juu ya birika na sufuria hiyo inatosha.

#15 Fundi_Mkongwe

Nyote mnatafuta mbali. Mzee ametuambia ana vishikizi vinne, nasi tumechukulia kwamba ni njia nne za umeme zinazojitegemea. Mzee, nyumba yako ina jiko la umeme la ukutani, au iliwahi kuwa nalo?

#16 MkaziWaWalukuba

Haijawahi. Marehemu baba aliipata bila jiko, na hakuna alama ya jiko ukutani. Tunapikia sigiri na gesi, na siku hizi hiyo sufuria.

#17 Fundi_Mkongwe

Basi fyuzi nyekundu ya ampea 30 inalisha nini? Nakushuku una njia mbili, si nne. Masanduku ya mtindo wa kale yaliwekewa fyuzi kwenye laivu na kwenye nyutro pia. Nyeupe mbili ni jozi ya taa. Ya bluu na nyekundu ni jozi ya soketi, ambayo zamani zote mbili zilikuwa bluu, hadi mtu alipovunja kishikizi kimoja akaokota kingine cha rangi yoyote. Katika jozi ya namna hiyo iliyo ndogo ndiyo inayoungua daima.

Kama ya bluu iko kwenye nyutro, basi kila inapoungua soketi zako zinaonekana zimekufa, birika halichemki, lakini laivu bado imesimama ndani ya soketi ikisubiri kidole. Hiyo ndiyo sababu mtindo ule uliachwa.

#18 MkaziWaWalukuba

Nimezima meni swichi, nikachomoa kile chekundu, nikawasha tena. Taa zinawaka, soketi zote hazina umeme. Nikakirudisha kwa utaratibu ule ule. Kwa hiyo bluu ikitoka soketi zinakufa, na nyekundu ikitoka pia zinakufa.

#19 BintiBombo

Mzee, tafadhali usirudie jaribio hilo. Meni swichi ya umri huo inaweza kuonyesha imezima huku ulimi mmoja ndani umeganda. Bila kupima kwa kifaa, mkono wa swichi si ushahidi.

Hata hivyo matokeo yako yanaunga mkono dhana ya fundi, na yanaongeza ubaya mmoja. Ikiwa nyekundu ndiyo iliyo kwenye laivu, basi hitilafu yoyote ya kuvujia ardhini inapita kwenye fyuzi ya ampea 30 pekee, kwa sababu umeme huo haurudi kwa nyutro. Fyuzi ya bluu haihusiki hata kidogo.

#20 Mwl_Fizikia

Nakubali dhana ni nzuri, ila haijathibitika. Inawezekana pia kwamba mtu aliweka fyuzi mbili mfululizo kwenye laivu alipokuwa anaongeza soketi, akiona nafasi tupu kwenye sanduku. Matokeo ya jaribio la mzee yangekuwa yale yale. Na katika hali zote mbili swali la mvua limebaki palepale.

#21 DukaLaVifaa_Masaka

Niseme kutoka upande wa dukani. Watu wanaohamia breka wananunua sanduku kwa kuangalia bei na wepesi wa kifuniko. Breka bandia zipo, nje zinafanana kabisa na halisi. Ya bandia mara nyingi ni nyepesi mkononi, kwa sababu sumaku na vipande vya shaba vya ndani vimepunguzwa, na maandishi yake hufutika kwa kidole chenye mate. Nunueni mahali panapotoa risiti, tafuteni alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na RCD ikishafungwa bonyezeni kitufe cha majaribio mbele ya fundi. Isipokata, irudi dukani siku hiyo hiyo. Tena kitufe hicho hakijawekwa kwa siku ya kwanza pekee.

#22 MpangajiNtinda

Sasa niache utani. Hapa tunapopanga mwenye nyumba alibadilisha sanduku, akaweka breka na RCD moja ya nyumba nzima. Tangu siku hiyo RCD inakata usiku, tunalala gizani, na mlinzi ameelekezwa jinsi ya kuirudisha juu. Fyuzi za zamani hazikutusumbua. Usalama huu wa aina gani?

#23 Tororo_Mpakani

Taa ya nje, maji ndani ya boksi. Nilisema.

#24 BintiBombo

Inaweza kuwa taa ya nje, maana ndiyo inayowashwa usiku. Inaweza pia kuwa nyutro ya kuazima: fundi alichukua laivu kutoka njia moja na nyutro kutoka nyingine, jambo linalotokea sana kwenye taa za ngazi zenye swichi mbili. Kwa fyuzi hilo halionekani kamwe. Kwa RCD moja ya nyumba nzima pia halionekani, kwa kuwa nyutro zote hupita humo. Kwa hiyo kama kweli ni moja tu, nyutro ya kuazima siyo. Kama ni mbili zilizogawana njia, ndiyo inaongoza orodha.

Linalonitisha ni mlinzi. RCD inayorudishwa juu kila usiku bila kutafuta sababu imegeuzwa kuwa swichi ya kawaida.

#25 DukaLaVifaa_Masaka

Au vifaa vingi vyenye uvujaji mdogo mdogo: kompyuta, televisheni, friji. Kila kimoja kinavuja kidogo kwa asili yake, na jumla inakaribia kikomo. Dawa yake ni kugawa, kila njia na kifaa chake kinachounganisha breka na RCD kwa pamoja. Ghali zaidi, lakini taa hazizimiki kwa kosa la birika.

#26 Fundi_Mkongwe

Nirudi Walukuba, kwa sababu kuna jambo halijatajwa na ndilo ninaloliogopa zaidi. Waya za miaka hiyo zilifunikwa kwa mpira uliovikwa kitambaa. Plastiki ilikuja baadaye. Mpira huo ukikaa miaka mingi karibu na joto hukauka, na ukiukunja unapukutika na kuacha shaba tupu. Ukiwa umetulia ndani ya bomba, unaweza kuendelea kufanya kazi. Lakini siku fundi atakapong'oa ubao na kuvuta ncha za waya ili zifike kwenye sanduku jipya, atavunja mpira ambao hakuna aliyeuona. Kwa hiyo kubadilisha sanduku peke yake katika nyumba ya aina hii kunaweza kuleta hatari ambayo haikuwepo. Kwanza zipimwe waya kwa mega (kipimo cha ukinzani wa kifuniko cha waya) ya volti 500. Zikisoma chini ya megaomu 1, usiongelee sanduku, ongelea waya mpya.

Tena angalia vishikizi vyenyewe. Vilivyolegea hupata joto. Muungano wenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ukipitisha ampea 20, unazalisha wati 40, joto la pasi ya kulehemu redio, limefungiwa ndani ya boksi juu ya ubao mkavu. Si fyuzi, si breka wala RCD inayoliona joto hilo. Na joto hilo hulainisha waya wa fyuzi hadi ukaungua kwa mzigo ambao siku nyingine ungeubeba. Mzee, kauri ya kile cha bluu ina weusi?

#27 MkaziWaWalukuba

Ina weusi upande mmoja, na skrubu moja imegeuka rangi ya zambarau. Pia vishikizi vyote vina kitambaa cheupe kama karatasi nene pale waya unapopita.

#28 Fundi_Mkongwe

Kitambaa hicho usikikwangue wala kukipuliza. Katika vishikizi vya zamani mara nyingi ni asbesto. Kikitoka kifungwe ndani ya mfuko, kisitupwe ovyo.

#29 BintiBombo

Na kabla ya yote, fundi awe na kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, tena cha daraja linaloruhusu kazi hiyo. Mwombe akionyeshe bila kuona haya. Upande wa mita si wake. Lakiri ya fyuzi kuu na mita ni mali ya msambazaji, ambaye tangu Aprili 2025 ni UEDCL, na umeme wa kuingia kwenye sanduku ukatwe na watu wao. Fundi anayekata lakiri ili kuokoa muda anafanya kazi kwenye waya ambao haulindwi na chochote isipokuwa fyuzi ya nguzoni.

#30 MkaziWaWalukuba

Nawashukuru. Fundi wa pili anakuja na mega wiki ijayo. Kwa sasa nimeacha kutumia birika na sufuria kwa wakati mmoja, nimenunua kadi ya waya halisi wa fyuzi wa ampea 15, na uzi wa stoo nimeutupa. Nikipata fedha za jambo moja tu, nianze na lipi: athi, waya au sanduku?

#31 Mwl_Fizikia

Waya. Kila kingine kinalinda waya.

#32 BintiBombo

RCD, hata ikiwekwa ndani ya boksi dogo peke yake kabla ya sanduku la zamani. Ukiwa na RCD ya milliampea 30, fimbo mbovu ya athi yenye omu mia kadhaa bado inatosha. Bila hiyo, hata fimbo nzuri haitoshi. Nyumba inaweza kungoja waya mpya. Mtu aliyeshika friji hangoji.

#33 Fundi_Mkongwe

RCD kwenye waya za mpira wa zaidi ya miaka sitini haitakaa juu hata dakika moja, binti yangu. Itakata, mzee atachoka, na atafanya kama yule mlinzi wa Ntinda.

#34 BintiBombo

Ikikata, imetupa jibu la mvua bila mega.

#35 Tororo_Mpakani

Mzee, kabla ya hayo yote, fungua boksi la taa ya nje.